Minara ya taa ya chuma ya enzi za Malkia Victoria: nguvu yake ilikuwa mguuni

Mkunguni (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa,

Naomba tujadili kwa kina aina moja ya majengo ambayo haizungumzwi sana, nayo ni minara ya taa ya chuma iliyojengwa Uingereza, Ireland na katika makoloni wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Mtu akitajiwa mnara wa taa huona akilini mnara mweupe wa mawe juu ya mwamba, na ni kweli kwamba minara ya mawe ndiyo iliyopata sifa zaidi. Mimi naona kwamba kazi ya kijasiri kuliko zote katika fani hii ilifanyika mahali ambapo hapakuwa na mwamba wowote, juu ya tope na mchanga unaohama, na kwamba chuma kilileta mageuzi zaidi pale kilipozama ardhini kuliko pale kilipoonekana juu ya maji. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitawaachia nafasi ya kunikosoa.

Tatizo lilikuwa hivi. Meli zilizokwenda London ziliingia kwa mlango wa mto Thames, ambao umezungukwa na mafungu marefu ya mchanga na tope. Upande wa kaskazini, nje ya kisiwa cha Foulness katika jimbo la Essex, kuna fungu liitwalo Maplin Sands, ambalo maji yakipwa huwa tambarare kubwa ya tope na yakijaa hufunikwa lote. Nahodha aliyekosea njia usiku alikwama pale. Mnara wa mawe husimama kwa uzito wake mwenyewe ukiwa umeshikamana na mwamba chini yake. Ukiuweka juu ya tope, uzito uleule unaoulinda ndio utakaouzamisha. Kwa hiyo mahali kama hapo palitiwa meli ya taa, yaani chombo kilichofungwa nanga na kuwekewa taa mlingotini. Meli ya taa ilihitaji mabaharia wa kudumu, ilihitaji matengenezo yasiyokwisha, na katika dhoruba kubwa, wakati taa ilipohitajiwa kuliko wakati wowote, nanga yake iliweza kukatika au kuburutwa ikaonyesha taa mahali pasipo pake.

Aliyefungua njia alikuwa Alexander Mitchell, aliyezaliwa Dublin mwaka 1780 na kukulia Belfast. Macho yake yalianza kufifia tangu utotoni, na alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu alikuwa kipofu kabisa. Kwa miaka mingi aliendesha biashara ya kufyatua matofali mjini Belfast. Mwaka 1833 alipata hataza ya uvumbuzi wake: nguzo ya chuma yenye skrubu pana kwenye ncha yake ya chini. Msidhani ilikuwa na meno mengi yaliyosongamana kama skrubu tunazotumia kwenye mbao. Ilikuwa bapa moja pana la chuma, lililoizunguka nguzo kwa mzunguko mmoja hivi likiwa limeinama, ili nguzo inapozungushwa bapa lijikate njia ndani ya mchanga na kuivuta nguzo yote chini. Husimuliwa kwamba kabla ya kuwashawishi wengine, Mitchell na mwanawe walipiga makasia hadi kwenye fungu la mchanga katika ghuba ya Belfast, wakaikaza pale skrubu ndogo ya majaribio, na waliporudi asubuhi yake wakaikuta haijatikisika.

Matumizi ya kwanza ya uvumbuzi huo yalikuwa kushikilia maboya ya kufungia meli, kwa sababu skrubu iliyozama ardhini hukataa kuvutwa juu kuliko nanga ya kawaida. Lakini Mitchell alitambua kwamba kitu kinachokataa kung'oka hukataa pia kuzama. Halmashauri ya Trinity House, inayosimamia minara ya taa ya Uingereza na Wales, ilikubali kujaribu njia hiyo pale Maplin Sands, na mhandisi wake James Walker ndiye aliyesanifu sehemu ya juu ya mnara.

Mwaka 1838 Mitchell alizamisha nguzo tisa, nane zikiwa kwenye pembe za umbo la pande nane na moja katikati. Kila nguzo ilikuwa na urefu wa mita 8 hivi na unene wa karibu sentimita 13, na skrubu iliyokuwa chini yake ilikuwa na kipenyo cha mita 1.2. Hebu tufanye hesabu kidogo hapa, maana ndani yake ndimo ulimo uzuri wa jambo lenyewe. Eneo la skrubu yenye kipenyo hicho ni zaidi ya mara 90 ya eneo la ncha ya nguzo tupu, kwa hiyo tope ambalo lingepasuka mara moja chini ya nguzo nyembamba liliweza kuubeba mzigo uliotandazwa juu ya eneo kubwa namna hiyo. Na eneo hilo halikuwa juu, ambako mawimbi yangelipiga, bali lilikuwa limefukiwa karibu mita 7 chini ya uso wa fungu.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa nguvu za watu. Nguzo ilisimamishwa wima kupitia uwazi katika jukwaa la mbao, kichwani ikafungwa mtambo wenye mikono mirefu kama ule wanaotumia mabaharia kuvutia nanga, na wanaume wakazunguka na kuzunguka wakiisukuma mikono hiyo kwa vifua, huku nguzo ikiteremka taratibu. Hapakuwa na nyundo wala mitetemo ya kuuvuruga udongo. Nguzo zote tisa ziliingia ndani ya siku tisa. Kisha wahandisi wakafanya jambo la busara ambalo leo wakandarasi wengi wenye haraka wasingelivumilia: waliziacha nguzo hizo zikapigwa na bahari kwa takriban miaka miwili, wakitazama kama zitazama au kuinama, na mwaka 1840 ndipo ilipoanza kujengwa juu yake nyumba ya walinzi na chumba cha taa. Taa ya Maplin iliwashwa mapema mwaka 1841.

Katika muda huohuo wa kungoja, Mitchell na mwanawe walikuwa wameitwa upande wa pili wa nchi, katika pwani ya Lancashire, ambako Peter Hesketh-Fleetwood alikuwa akijenga mji mpya wa bandari uitwao Fleetwood. Wakati ule reli ya kutoka London kuelekea Scotland ilikuwa haijavuka milima ya kaskazini, kwa hiyo mpango ulikuwa abiria wafike Fleetwood kwa treni na kuendelea na safari kwa meli ya mvuke. Mpango huo haukuwa na maana kama meli zisingeweza kuingia usiku. Kapteni Henry Mangles Denham, mpima bahari wa jeshi la majini, ndiye aliyepima njia ya maji na kushauri mahali pa kuweka taa. Baharini, juu ya fungu la mchanga, ukasimamishwa mnara wa Wyre wenye nguzo saba za skrubu, sita pembeni na moja katikati, na nchi kavu zikajengwa taa mbili za mawe zilizosanifiwa na Decimus Burton. Nahodha aliyetoka baharini aliuona kwanza mnara wa Wyre, kisha akazipanga taa mbili za mjini moja juu ya nyingine, akafuata mstari huo hadi ndani.

Wyre uliwashwa tarehe 6 Juni 1840. Hivyo Maplin ndio mnara wa kwanza wa skrubu kuanza kujengwa, lakini Wyre ndio wa kwanza kuwasha taa. Watu wa Fleetwood na watu wa Essex wana haki, kila upande kwa namna yake, ya kujivunia.

Jambo lingine linalonivutia ni namna Mitchell alivyoisimamia kazi yake. Hakubaki ofisini. Alikwenda na boti hadi kwenye fungu, akapanda ngazi na kutembea juu ya mbao zilizolowa, na alikagua viungo na nguzo kwa kuvipapasa kwa mikono, kiasi kwamba aliweza kugundua kasoro ambazo wenye macho walikuwa wamezipita. Mwaka 1847, alipojenga gati la Courtown katika pwani ya Wexford, Ireland, bahari ilikuwa ikichafuka kiasi kwamba chelezo lisingeweza kutulia mahali pake. Alichofanya ni kuifunga kwenye nguzo gurudumu kubwa lenye mfereji, akalizungushia kamba iliyounganishwa ncha kwa ncha, na vibarua wakaivuta kamba hiyo huku wakitembea juu ya sehemu ya gati ambayo ilikuwa imekwisha kukamilika. Kwa njia hiyo kila nguzo iliyosimama ilikuwa uwanja wa kazi wa kuizamisha inayofuata.

Sasa nirudi kwenye sanifu yenyewe. Mnara wa nguzo hauyazuii mawimbi. Maji hupita katikati ya miguu, na kinachopigwa ni vyuma vichache vyembamba tu, huku nyumba ikiwa imeinuliwa juu ya kimo cha mawimbi. Hata hivyo upepo na maji yanayopita husukuma, na msukumo huo huufanya mnara utake kuinama: nguzo za upande wa mbele huvutwa juu na za upande wa nyuma hukandamizwa chini. Nguzo ya kawaida iliyopigwa kwa nyundo hujitetea dhidi ya kuvutwa juu kwa msuguano wa ubavu wake tu, na katika tope lililolowa msuguano huo ni haba. Nguzo ya skrubu inabeba juu ya bapa lake donge zima la udongo. Sifa hizo mbili, kukataa kuzama na kukataa kung'oka, zimo ndani ya kipande kimoja cha chuma, na ndiyo sababu nasema nguvu ya minara hii ilikuwa mguuni.

Baada ya hapo njia hiyo ilienea upesi. Mnara wa Gunfleet nje ya pwani ya Essex na ule wa Chapman kwenye Thames ulifuata karibu na 1850, na mnara wa Spit Bank katika bandari ya Cobh, Ireland, ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1850. Huko Marekani, mnara wa Brandywine Shoal katika ghuba ya Delaware uliwashwa mwaka 1850 chini ya Meja Hartman Bache, ambaye alipata ushauri wa Mitchell mwenyewe. Mitchell alifariki Belfast mwaka 1868.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Pweza wa Pwani

Mkuu Mkunguni, nakushukuru kwa uzi uliochambuliwa vizuri. Ninalo swali moja. Umesema mawimbi hupita katikati ya miguu na mnara unabaki salama. Niliwahi kusoma kwamba huko Marekani mnara wa chuma wa namna hiyo uliangushwa na dhoruba ukiwa na watu ndani. Je, tukio hilo halivunji hoja yako?

Mkunguni

Swali lako ni la haki, ndugu yangu, na bila shaka unakusudia mnara wa Minot's Ledge, nje ya pwani ya Massachusetts, kusini mashariki ya Boston.

Mnara ule ulikuwa wa nguzo, lakini haukuwa wa skrubu. Pale pana mwamba, tena mwamba unaoonekana kwa muda mfupi tu maji yanapopwa sana. Mhandisi wake, Kapteni William H. Swift, alitoboa mashimo tisa katika mwamba, akasimamisha ndani yake nguzo tisa za chuma, na juu yake akaweka nyumba na taa. Uliwashwa tarehe 1 Januari 1850. Mlinzi wa kwanza, Isaac Dunham, alitoa tahadhari kwamba mnara ulikuwa ukitikisika vibaya, na kabla mwaka haujaisha aliacha kazi. Aliyemfuata, John Bennett, mwanzoni alidhani mwenzake alikuwa na woga, lakini baada ya dhoruba chache naye akaanza kulalamika.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 1851, Bennett akiwa nchi kavu, dhoruba kubwa ya kaskazini mashariki iliupiga mnara huo. Ndani walikuwamo wasaidizi wawili vijana, Joseph Wilson na Joseph Antoine. Watu wa pwani waliiona taa mara ya mwisho kiasi cha saa nne usiku, na baada ya usiku wa manane walisikia kengele ya mnara ikilia kwa nguvu. Kulipopambazuka palibaki vipande vya nguzo zilizopinda na kukatika juu kidogo ya mwamba. Vijana wote wawili walifariki.

Swift alijitetea kwamba walinzi walikuwa wameongeza jukwaa la kuwekea vitu chini ya nyumba, na kwamba walikuwa wamefunga kamba nene kutoka juu ya mnara hadi kwenye nanga ya jiwe upande wa pwani, kwa ajili ya kupitishia mizigo na watu. Yote mawili yalikuwa na madhara. Jukwaa liliwapa mawimbi uso mpana wa kuupiga pale ambapo sanifu ilikusudia pawe wazi, na kamba iliuvuta mnara upande mmoja. Lakini mimi siwezi kuuweka msiba huo juu ya walinzi. Mtu anayeishi miezi kadhaa katikati ya bahari ni lazima awe na mahali pa kuwekea vitu na njia ya kupitishia chakula. Sanifu isiyowapa walinzi mahitaji hayo iliwalazimisha wajitafutie wenyewe. Isitoshe, Minot's Ledge hupokea mawimbi ya Atlantiki yote bila kizuizi, ilhali Maplin na Wyre yapo katika maji yenye kina kifupi ambako mawimbi makubwa huvunjika mbali kabla ya kufika.

Kwa hiyo tukio lile haliivunji hoja, ila linaiwekea mpaka. Miguu iliyo wazi inafaa pale maji ni ya kina kifupi na ardhi ni laini. Penye mwamba na bahari kuu, jiwe lilistahili kubaki, na Wamarekani wenyewe walijenga pale mnara wa mawe ya matale uliowashwa mwaka 1860 na ambao umesimama hadi leo.

Fundi wa Misingi

Ninafanya kazi za misingi ya majengo, na naomba kuongeza mambo mawili.

La kwanza, ule muda wa miaka miwili wa kuziacha nguzo za Maplin zipigwe na bahari ndio hasa tunaouita leo jaribio la mzigo, isipokuwa wao waliiachia bahari yenyewe ifanye jaribio. Na njia ya skrubu haikufa. Leo nguzo za skrubu huzamishwa kwa mota za haidroliki chini ya minara ya umeme, paneli za jua na nyumba zilizojengwa kwenye ardhi dhaifu, na fundi husoma nguvu inayotumika kuizungusha nguzo ili ajue udongo wa chini umekaza kiasi gani. Mafundi wa Mitchell walipata taarifa hiyohiyo vifuani mwao: mikono ya mtambo ilipokuwa mizito kusukuma, walijua wamefika kwenye tabaka gumu.

La pili ni adui ambaye mwanzisha uzi hajamtaja, nalo ni kuchimbwa kwa mchanga. Maji yanayopita kwa kasi kando ya nguzo hujizungusha na kubeba mchanga ulio chini yake, na mwaka baada ya mwaka shimo huongezeka. Skrubu ikishakaribia kuwa wazi, mahesabu yote uliyoyaandika hapo juu hayapo tena. Ningependa kujua kama minara hiyo ilipatwa na hali hiyo.

Mkunguni

Ahsante sana, Fundi. Ndiyo, ilipatwa. Maplin wenyewe uliangushwa na bahari mwaka 1932, baada ya mikondo kuendelea kuula msingi wake. Ulikuwa umesimama zaidi ya miaka tisini, jambo ambalo si dogo kwa jengo lililowekwa juu ya tope.

Katika ghuba ya Chesapeake adui alikuwa barafu. Huko ilijengwa minara mingi ya skrubu yenye nyumba ndogo za mbao za pembe sita, kwa kuwa sakafu ya ghuba ni laini na maji si ya kina kirefu. Majira ya baridi yakiwa makali, ghuba huganda, kisha barafu huvunjika na kutembea na maji ikiwa mabamba mazito. Mwezi Februari 1881 barafu iliing'oa nyumba ya mnara wa Sharps Island kutoka kwenye miguu yake na kuielekeza popote maji yalipotaka, walinzi wakiwa ndani, kwa umbali wa kilomita kadhaa hadi ilipokwama. Walinzi hao walinusurika. Badala yake lilijengwa pipa kubwa la chuma lililojazwa zege na kuzamishwa kwenye sakafu ya bahari. Ule wa Thomas Point Shoal, wa mwaka 1875, bado upo mahali pake, na kuuzunguka walirundika mawe ya kuipasua barafu kabla haijaifikia miguu.

Upande wa Wyre, hatari ilitoka kwa wale uliowekwa kuwasaidia. Mwaka 1870 skuna moja iliugonga na kuing'oa nyumba ya juu, ikabidi ijengwe upya.

Bahati ya Bara

Mimi ni mtu wa bara, lakini nimewahi kuuona mnara wa Chumbe nilipokwenda Zanzibar, na ule ni wa mawe. Je, kwa nini Waingereza hawakutumia chuma pale, hali wakati huo teknolojia hii ilikuwa imekwisha kuzoeleka?

Mkunguni

Mnara wa Chumbe ulijengwa mwaka 1904 juu ya kisiwa cha matumbawe, na kwa hiyo chini yake tayari kuna mwamba mgumu, na mawe ya kujengea yapo palepale. Skrubu huhitajiwa pale ardhi inapokataa kubeba. Penye mwamba na mawe ya karibu, faida ya chuma haionekani.

Kinyume chake ni makoloni yaliyokuwa mbali na mafundi wa mawe. Huko mhandisi Alexander Gordon wa London alitumia chuma kwa namna nyingine: mabamba ya chuma cha kusubu (yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu) yaliyopinda, yenye kingo zilizotobolewa ili yafungwe kwa bolti. Mnara ulitengenezwa Uingereza, ukafunguliwa, ukapakiwa melini na kuunganishwa upya mahali pake. Mnara wa Morant Point, mashariki ya Jamaika, wenye kimo cha mita 30 hivi, ulisimamishwa kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1840, na kumbukumbu za Jamaika zinaeleza kwamba kazi hiyo ilifanywa na Wakru kutoka Afrika Magharibi, waliokwenda kule wakiwa vibarua huru baada ya utumwa kukomeshwa. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu habari za minara hii huandikwa kwa majina ya wahandisi peke yao. Gordon alifuatia na mnara wa Gibbs Hill huko Bermuda, uliowashwa mwaka 1846, na yote miwili bado imesimama.

Pweza wa Pwani

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, mkuu. Unaipa heshima yote miguu, ilhali minara hiyo ya mabamba ya Gordon imedumu kuliko Maplin na Wyre. Tena kuna mnara wa Whiteford Point huko Wales, wa mwaka 1865, uliojengwa kwa mabamba ya chuma cha kusubu mahali ambapo maji yakijaa huupanda kiasi cha mita 6. Ule hauna miguu wazi hata kidogo, na mawimbi huupiga mwili mzima. Mbona hujautaja?

Mkunguni

Umenikumbusha mnara unaostahili nafasi yake. Whiteford ulisanifiwa na John Bowen, mhandisi wa bandari ya Llanelli, ili kuonyesha mafungu ya mchanga ya mlango wa Burry. Una kimo cha mita 13 hivi, chini ni mpana wa mita 7 na zaidi, na juu hupungua hadi karibu nusu ya hapo. Kitu cha kuangalia kwa karibu ni viungo vyake: kingo za mabamba ambako bolti hupita zimetokeza kwa nje, ilhali katika minara mingi ya mabamba huwekwa kwa ndani. Ukiutazama unaona mbavu za wima na za mlalo zimeuzunguka mwili wote, na juu yake kibaraza chenye kazi nzuri ya chuma cha kufua.

Lakini hata huo ulipata nyufa. Chuma cha kusubu ni kigumu kinapokandamizwa na ni dhaifu kinapovutwa au kupigwa kwa ghafla. Hakipindi kwanza kikakuonya, kinapasuka. Mabamba ya Whiteford yalipopasuka yalifungwa kwa mikanda ya chuma, na ndiyo inayoyashikilia hadi sasa. Na mifano ya Ireland inatisha zaidi. Mnara wa mabamba wa Calf Rock, uliowashwa mwaka 1866, ulikatika katika dhoruba ya Novemba 1881, juu kidogo ya mahali ulipokuwa umeongezewa nguvu, na walinzi waliokuwa kisiwani walikaa siku kadhaa kabla bahari haijatulia wakaokolewa. Mnara wa chuma wa Fastnet, wa mwaka 1854, ulitazamwa kwa wasiwasi baada ya hapo, hata ikaamuliwa ujengwe mpya wa matale, ambao uliwashwa mwaka 1904. Sehemu ya chini ya ule wa chuma bado ipo juu ya mwamba.

Nakubaliana nawe kwamba minara ya Gordon imedumu, lakini tazama ilipo: Gibbs Hill upo juu ya kilima, na Morant Point upo nchi kavu. Haipigwi na mawimbi. Mnara wa mabamba ulikuwa njia bora ya kusafirisha mnara kutoka kiwandani, na kwa kazi hiyo naupa heshima kamili. Haukutatua tatizo la bahari, kwa sababu uliendelea kuyazuia maji kama mnara wa mawe unavyofanya, bila kuwa na uzito wa mawe wa kuyastahimili.

Fundi wa Misingi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Chuma na maji ya chumvi ni maadui wa jadi. Je, kutu haikuila minara hii?

Mkunguni

Kutu iliila, lakini si kila mahali kwa kiasi kimoja, na wewe utalijua hilo kuliko mimi. Sehemu iliyozama ndani ya tope hudumu zaidi, kwa kuwa hewa huifikia kwa shida, na kutu huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Sehemu iliyo juu kabisa inafikika na hupakwa rangi. Panapoliwa haraka ni pale katikati, ambapo maji hupanda na kushuka kila siku na mawimbi hurusha matone, chuma kikilowa na kukauka mfululizo. Ukiongeza kwamba vyuma vya mshazari vinavyounganisha nguzo vimefungwa katika sehemu hiyohiyo, unaona kwamba kiungo chenye kazi nzito kuliko vyote kiko mahali pabaya kuliko pote.

Mnara wa Wyre ni mfano wa hali hiyo. Nyumba yake iliungua mwaka 1948 na haikujengwa tena, mwaka 1979 kazi yake ikakabidhiwa boya lenye taa, na miguu iliyobaki ikaachwa bila matunzo. Mwezi Julai 2017 sehemu yake iliporomoka. Gunfleet nao umeachwa tangu 1921, ukiwa bado wima nje ya pwani ya Essex. Ule wa Spit Bank pale Cobh umehudumiwa kwa muda wote huo, vyuma vyake vikipakwa rangi na vilivyochoka vikibadilishwa, na umesimama juu ya nguzo ambazo Mitchell alizizamisha. Mwenye picha au michoro ya viungo vya Spit Bank, hasa pale vyuma vya mshazari vinapokutana na nguzo, naomba aiweke hapa ili tuendelee kuchambua namna vilivyorekebishwa.